Kufungua mgahawa shambani kusikopita mtu: kisa cha Ballymaloe, Ireland

Mtu akitaka kufungua mgahawa, kitu cha kwanza anachoulizwa ni eneo. Stendi iko wapi, ofisi ziko wapi, watu wanashukia wapi. Hiki kisa kinaanza kinyume kabisa. Mwaka 1964 mama mmoja wa miaka 40 mwenye watoto sita anafungua chumba chake cha kulia kwa wateja wa kulipa, ndani ya nyumba anayoishi, katikati ya shamba, nje kidogo ya kijiji cha Cloyne, mashariki mwa kaunti ya Cork kusini mwa Ireland. Pale hakuna anayepita kwa bahati, ile barabara inaelekea Ballycotton ambako ni bandari ndogo ya wavuvi alafu bahari, basi. Mama mwenyewe ni Myrtle Allen, nyumba inaitwa Ballymaloe House, na mpaka leo inapika japo yeye alifariki Juni 2018 akiwa na miaka 94.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kila stori inayosimuliwa kuhusu huyu mama inaishia palepale, kwamba alipika vyakula vya shambani kwa msimu wake. Ni kweli, lakini hayo ni matokeo. Ninachotaka kujua mimi ni kwa nini yeye aliweza na hoteli za mjini, zenye wapishi waliosomea, hazikuweza. Jibu langu ni moja tu na nitalishikilia mpaka mwisho: mwenye nyumba ndo alikuwa mwenye jiko, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumuomba ruhusa.

Kwanza hali ya nchi ilivyokuwa. Ireland ya miaka ile ilikuwa inahama, vijana wanapanda meli kwenda Uingereza na Marekani kutafuta kazi, sensa ya 1961 ilihesabu watu milioni 2.8 tu kwenye Jamhuri nzima. Utamaduni wa familia kutoka kwenda kula nje haukuwepo sana. Ukitaka kula kwa heshima unaenda hotelini, na hotelini unakuta menyu imeandikwa Kifaransa, vitu vilevile mwaka mzima, kwa sababu chakula cha "hadhi" kilikuwa lazima kitoke kwingine. Chakula cha nyumbani, yaani mkate wa ngano isiyokobolewa, siagi, samaki wa asubuhi, viazi vipya, kilionekana ni cha kula jikoni na watoto, mgeni humpi kile. (Na sisi tunaijua hii tabia vizuri, mgeni akija tunakimbilia kununua soda na kuku wa kisasa wakati kwenye sufuria kuna kisamvu cha nazi.)

Sasa huyu mama hakuwa mpishi. Aliolewa na Ivan Allen, mkulima hasa, jamaa aliyekuwa analima nyanya na uyoga na matufaha kwenye shamba la Kinoith pale Shanagarry, alafu mwishoni mwa miaka ya 1940 wakanunua Ballymaloe, nyumba kubwa ya zamani iliyojengwa kuzunguka mabaki ya ngome yenye mnara, na shamba lake la ekari kama 400. Kupika alijifunzia palepale baada ya kuolewa, akiwa na maziwa ya ng'ombe wake, nguruwe wake, mboga zake. Mwaka 1962 akaanza kuandika safu ya mapishi kwenye gazeti la wakulima, Irish Farmers Journal. Hilo gazeti lenyewe ni la kuangalia kwa makini: wasomaji wake ni wake wa wakulima, watu wenye cream na mayai mengi kuliko hela, kwa hiyo kabla hata ya kufungua mlango alikuwa ameshazoea kufikiria kupika kwa kuanzia na kilichopo. Hakuanza na kitabu cha mapishi alafu aende sokoni.

Alipoamua, akaweka tangazo kwenye gazeti la Cork kukaribisha watu kuja kula kwenye nyumba ya shambani. Mgahawa akauita The Yeats Room kwa sababu ukutani kulikuwa na picha za mchoraji Jack B. Yeats ambazo mume wake alikuwa akizikusanya. Nyumba ilikuwa na vyumba vikubwa kuliko mahitaji ya familia, watoto walikuwa wanakua, mazao yapo. Ukipiga hesabu, gharama ya kuanza ilikuwa ndogo kuliko unavyodhani, hakulipa kodi ya pango, hakujenga, meza na viti vipo. Ukisikia mtu anasema "alianza na ndoto" mwambie hapana, alianza na nyumba na ekari 400. Hiyo si kumdharau, ni kuweka hesabu sawa, maana wanaotaka kuiga huwa wanaisahau hiyo sehemu.

Hapa ndo kwenye kiini. Menyu ya Ballymaloe ilikuwa inaandikwa kila siku, baada ya kuona kilichoingia. Boti za Ballycotton zimeleta nini leo, bustani imetoa nini, nani kaleta nini mlangoni. Upepo ukichafua bahari, samaki hakuna na haandikwi. Leo ukisoma hivyo unaona kawaida, kila mgahawa wa kisasa unajisifia hivyo. Lakini Darina, aliyekuja kuwa mkwewe, alifika pale mwishoni mwa miaka ya 1960 akitoka chuo cha hoteli Dublin, na ameeleza mara nyingi jinsi lile jambo lilivyomshangaza, maana huko mjini menyu ikishaandikwa ndo imeandikwa, na majiko makubwa yalikuwa hayataki hata mwanamke. Alitafuta sehemu ya kujifunzia kazi akaambiwa kuna mama huko Cork amefungua mgahawa nyumbani kwake.

Mimi nimeshafanya kazi jikoni hotelini, ni hoteli ya mjini siitaji jina, na nakwambia menyu kule ilikuwa imepigwa laminesheni. Laminesheni! Ili ibadilike inabidi mpishi mkuu amwandikie meneja wa chakula, meneja apeleke kwa mhasibu, mhasibu aulize gharama, alafu kuna mtu wa picha, alafu wanachapisha. Nyanya zikiwa mbaya unaziweka hivyohivyo maana saladi ya nyanya ipo ukurasa wa pili na mteja anaiona. Mpishi sio kwamba hajui, anajua vizuri sana, anazishika zile nyanya ngumu kama mipira ya tenisi na anajua. Ila hana mamlaka ya kufuta mstari. Kwa hiyo mtu akisema tofauti ya Ballymaloe ilikuwa "mapenzi ya chakula" mimi nakataa, wapishi wengi wana mapenzi. Tofauti ni kalamu ilikuwa mkononi mwa nani saa nane mchana.

Na kuna upande wa pili wa hilo ambao mteja anaubeba yeye. Menyu ikiandikwa kila siku kwa kilichopo, chaguo zinapungua. Huendi pale na hamu yako ya kitu fulani ukakikuta. Unakubali kwamba leo ni samaki bapa aliyeokwa na ngozi yake akamwagiwa siagi yenye majani ya bustanini, au ni mwanakondoo, na ya kesho hupangi wewe. Wateja wa mwanzo lazima walikuwa na imani na huyu mama kama watu, sio kama wateja, wamekuja nyumbani kwake. Ndo maana hata huduma ikafuata mwendo wa nyumbani: unaongezewa. Mhudumu anarudi na sahani kuuliza kama unataka tena, kitu ambacho kwenye mgahawa wa bei ile hukitegemei, unategemea vitone vitatu vya sosi na jani moja. Nadhani hii ni akili zaidi ya ukarimu, maana mtu aliyeendesha gari usiku kwenye barabara nyembamba ya vijijini akirudi nyumbani na njaa harudi tena na anawaambia wenzake.

Mkate wao nao una maneno. Ni unga wa ngano nzima, hamira, maji ya uvuguvugu, molasi kidogo, chumvi. Haukandwi. Unakorogwa ukawa uji mzito, unamiminwa kwenye tini, unaumuka mara moja tu, unaingia oveni. Ukitoka ni mzito, unyevunyevu ndani, ganda gumu, na siagi yenye chumvi juu yake inatosha kabisa kuwa chakula cha kuanzia. Ni mkate wa mtu mwenye kazi nyingine za kufanya. Mpishi wa hoteli ya enzi ile angeona aibu kuuweka mezani, angeweka vile vimkate vyeupe vya duara.

Kingine ambacho msomaji wa pwani atakifurahia: pudini ya mwani. Pale kwenye pwani ya Cork watu wa zamani walikuwa wanaokota mwani mwekundu-zambarau kwenye miamba, unaitwa carrageen, wanauanika mpaka unakuwa mweupe kama krimu, alafu mkono mmoja mdogo unachemshwa taratibu kwenye maziwa. Mwani unaachia utelezi wake, maziwa yanachujwa, yanachanganywa na kiini cha yai na sukari na vanila, ute wa yai unapigwa povu unaingizwa mwisho, ikipoa inaganda laini. Kwa Waayalandi wengi ilikuwa ni dawa ya kifua ya bibi, wanaikumbuka kwa kukunja uso. Bi Myrtle akaifanya nyepesi akaiweka kwenye menyu ya wageni. Na kile kinachoigandisha ndo kilekile kinachofanya mwani wa Paje na Jambiani ununuliwe na viwanda vya nje tangu kilimo chake kianze Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, unaenda kwenye aiskrimu, dawa ya meno, maziwa ya kopo. Aina ya mwani ni tofauti, utelezi ni wa ukoo mmoja. Tofauti kubwa ni kwamba sisi tunauza umekauka kwenye magunia, yeye alimuuzia mgeni kwenye bakuli, kwa bei ya mgahawa.

Mwaka 1975 ikaja nyota ya Michelin, ile tuzo ya kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa, na yeye ndo mwanamke wa kwanza wa Ireland kuipata. Bila kujifunza kwenye jiko la mtu yeyote. Nyota ilisaidia, hakuna ubishi, watu wa mbali wakaanza kuja. Ila sidhani ndo iliyouokoa mgahawa, kwa sababu wakati huo ulikuwa umeshakaa miaka kumi na moja ukijilipia, na vyumba vya kulala vilishaongezwa zamani.

Vyumba vya kulala tuvizungumzie kidogo maana hapo ndo biashara ilipo. Mgahawa wa kijijini unategemea mtu mwenye gari, na mtu mwenye gari hanywi, na mgahawa unapata faida kwenye waini kuliko kwenye samaki. Zamani watu walikuwa wanakunywa na kuendesha, tuseme ukweli, ila Ireland ilibana, na tangu Oktoba 2011 kiwango kikashuka kutoka miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu mpaka 50. Glasi mbili za waini na uko kwenye hatari ya kupoteza leseni. Mgahawa wa mjini mteja anachukua teksi. Kijijini teksi iko wapi? Kwa hiyo mwenye mgahawa shambani ana njia mbili, auze chakula tu au amlaze mteja. Ballymaloe leo ina vyumba kama 30, mtu anakunywa anapanda ngazi analala, asubuhi anakula tena, na kifungua kinywa nacho kinalipiwa. Wapishi wengi wenye migahawa midogo vijijini Ireland hawana vyumba, na ukiongea nao hiyo ndo kilio chao cha kwanza.

Kilio cha pili ni hesabu ya sahani. Tuchukue mfano wangu wa kufikirika, chakula cha jioni cha euro 100 kwa mtu, bila kinywaji. Kodi ya VAT kwenye chakula cha mgahawani ilikuwa 9% wakati wa korona, ikarudishwa 13.5% Septemba 2023 (bajeti iliyotangazwa Oktoba 2025 iliahidi 9 tena kuanzia Julai 2026). Kwa 13.5, karibu euro 12 hapo sio zako, za serikali. Zimebaki 88. Kanuni ya jikoni ni kwamba chakula chenyewe kikae karibu na 30% ya hiyo, sema euro 26, na ukinunua kwa mvuvi mdogo na mtu wa jibini mwenye ng'ombe wachache, 26 inapita haraka sana. Mshahara wa chini mwaka 2025 ulikuwa euro 13.50 kwa saa, mhudumu mmoja kwa zamu ya saa sita ni euro 81 kabla hujamgusa mpishi. Ongeza umeme, bima, mashine ya kuosha vyombo iliyoharibika Ijumaa. Meza ya watu wanne wasipotokea bila taarifa, umepoteza euro 400 za mauzo na samaki umeshamnunua. Mjini ungejaza meza na watu wanaopita. Hapa anapita ng'ombe. Ndo maana migahawa mingi ya vijijini siku hizi inaomba kadi au hela ya kushikilia nafasi, na Watanzania wenzangu mnaoona ni dharau, jamani sio dharau.

Ballymaloe ilijikinga na hilo kwa njia ambayo sidhani ilipangwa mwanzoni. Ile familia iliongeza miguu. Mwaka 1983 Darina na kaka yake Rory O'Connell walifungua shule ya mapishi kule Kinoith, ambayo inazungukwa na shamba la kilimo hai na inafundisha watu kutoka kila kona ya dunia. Binti mmoja, Yasmin Hyde, akachukua achari ya nyanya ya mama yake akaifanya kiwanda, ukienda supamaketi yoyote Ireland unaikuta kwenye chupa. Duka likafunguliwa kwenye uwanja wa nyumba. Kwa hiyo Jumanne ya Januari yenye mvua na meza tupu haiui nyumba. Mpishi kijana anayekodi kibanda cha mawe sehemu za Clare, kaunti ya magharibi, akapata nyota, akawa na viti ishirini na mkopo wa benki, yuko kwenye biashara nyingine kabisa hata kama sahani zinafanana.

Bi Myrtle mwenyewe aliwahi kujaribu kuihamisha ile kitu. Miaka ya 1980 aliendesha mgahawa Paris, La Ferme Irlandaise, akisafirisha vyakula kutoka Ireland. Ilidumu miaka michache. Mtu anaweza kusema ni Wafaransa, ila mimi naona ile kalamu ya saa nane mchana inafanya kazi ukiwa dakika kumi kutoka kwenye boti. Ukiwa Paris unaagiza kabla, na ukishaagiza kabla umerudi kwenye laminesheni, kwa upole tu.

Alichofanikiwa kukihamisha ni kununua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kuna mama, Veronica Steele, huko rasi ya Beara magharibi mwa Cork, alianza kutengeneza jibini kwa sababu ng'ombe wake mwenye pembe moja alikuwa anatoa maziwa mengi kuliko familia inavyoweza kunywa. Jibini hiyo, Milleens, ilianza kujulikana kupitia meza za wenye migahawa wachache wa Cork, Bi Myrtle akiwemo. Baadaye wakaja wengine wengi. Mtengenezaji mdogo anahitaji mnunuzi mmoja ambaye harudishi mzigo kwa sababu wiki hii jibini imekuja ndogo kuliko wiki iliyopita, na ni mwenye mgahawa tu anaweza kuwa mnunuzi wa aina hiyo, meneja wa manunuzi wa hoteli ana fomu. Mwaka 1986 huyu mama akawa miongoni mwa waanzilishi wa Euro-Toques pamoja na kina Paul Bocuse, mpishi maarufu wa Ufaransa, umoja wa wapishi wa Ulaya uliokwenda kuongea na Brussels, yaani wakubwa wa Umoja wa Ulaya, manake sheria zilikuwa zinaandikwa kwa ajili ya viwanda na zinamkaba mtu wa ndoo mbili za maziwa.

Lawama ipo pia, nisije nikaonekana nimehongwa achari. Muundo wa namna hii unasimama juu ya kazi ya familia ambayo haiandikwi popote. Watoto, wakwe, binamu, wote wanaingia jikoni au mapokezi, na miaka ya mwanzo sidhani kuna aliyekuwa anajaza karatasi ya masaa. Tena bei imepanda mpaka jirani wa kawaida pale Cloyne anaenda siku ya harusi au ya kutimiza miaka hamsini, wakati wazo la mwanzo lilikuwa ni chakula cha wakulima. Hilo sioni jinsi ya kulikwepa ukiangalia zile hesabu za juu, ila tusijifanye halipo.

Ukitaka kwenda, kutoka jiji la Cork kuna treni mpaka Midleton, njia iliyofunguliwa tena 2009, kutoka pale unachukua teksi ambayo umeiagiza mapema, usitegemee kuikuta imesimama. Wahi kufika, utembee bustani ya mboga kabla ya kukaa, inasaidia kuelewa kwa nini menyu iko vile. Mkate kula kipande kimoja tu hata kama unaita. Na ujibakize kwa ajili ya toroli ya vitu vitamu, ile ambayo mwaka 2019 ilipewa tuzo ya toroli bora ya mwaka kwenye World Restaurant Awards kule Paris, chini ya mpishi wao wa keki JR Ryall. Inasukumwa mpaka mezani, tati ya matunda ya siku hiyo, merengi, pudini ya mwani ikiwepo, na aiskrimu ndani ya bakuli lililotengenezwa kwa barafu tupu, ubunifu wa Bi Myrtle mwenyewe ili aiskrimu isiyeyuke ikizunguka chumba hadi chumba. Omba kidogo cha kila kitu. Hawakunji sura.